Fenesi la Kombo: Mashairi ya Kuchekesha na Malezi ya Watoto Wetu

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Chake Chake, Pemba



Nimetakiwa nizungumze juu ya mashairi ya kuchekesha, na vipi yanaweza kumfunza mtoto kuchagua na kuyajua yatakayomfika baada ya kuchagua. Nitasema mapema ninachokiamini, ili asiyekubaliana nami aanze kulinoa suali lake tangu sasa.

Sisi wakubwa tumezoea kuchanganya adhabu na matokeo. Adhabu hutoka kwa mtu. Matokeo huzaliwa na kitendo chenyewe. Mtoto akila maembe mabichi mpaka tumbo likamsokota, hayo ni matokeo. Akichapwa kwa kuyala, hiyo ni adhabu. Mtoto aliyelelewa kwa adhabu tupu hujifunza jambo moja barabara: kumtazama mwenye bakora. Yupo? Hayupo? Anapita njia ipi? Kitendo chenyewe hakitazami hata siku moja. Akikua akaondoka nyumbani, akenda Unguja, Dar es Salaam au Muscat, ambako hakuna wa kumsubiri mlangoni na bakora, huwa hana cha kumwongoza. Shairi la kuchekesha, likitungwa vyema, humgeuza shingo mtoto huyu akaacha kumtazama mwenye bakora, akakitazama alichokifanya. Hilo ndilo dai langu la leo.

Naanza na shairi, maana kuhubiri juu ya kicheko bila ya kumchekesha mtu ni dhulma. Nimelitunga kwa bahari ya utenzi, mizani nane kila mshororo, na huwasomea watoto wa darasa la nne na la tano. Msomaji wa bara ajue tu kwamba chuoni ni pale watoto wanaposoma Kurani.

Kombo kaona fenesi
limeiva kwa kiasi,
akasema kwa wepesi:
“Mwenyewe hatanijua.”

Kalipasua gizani,
hakupaka mikononi
mafuta toka jikoni:
pupa ilimzuzua.

Vidole vikashikana,
na midomo ikabana,
kofia ikang’ang’ana,
hakuweza kuivua.

Chuoni alipofika
salamu haikutoka,
mwalimu akamshika
mkono kumwamkua.

Hapo wakagandamana,
wakabaki kuvutana,
wana wakasukumana,
kwa cheko wakaugua.

Shairi linakatikia hapo kwa makusudi, na nitaeleza kwa nini. Kwanza hilo la mafuta. Wapemba mliomo humu hamhitaji kuelezwa. Fenesi lina utomvu unaonata kupita gundi ya dukani. Wazee wetu wameufanyia ulimbo wa kunasia ndege. Kila anayelipasua hujipaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hajalitia makali. Anayekula chake ana nafasi ya kwenda jikoni kuyachukua. Anayekula cha mwenziwe usiku wa giza hana nafasi hiyo. Shairi zima limesimama juu ya jambo hilo moja, na mtoto wa Pemba hulidaka kabla mwalimu hajafungua mdomo, kwa sababu ameliona kwao.

Sasa tazameni: katika beti tano hizo hakuna aliyemwadhibu Kombo. Hakuna bakora. Mwenye fenesi hakutokea na panga. Mtunzi hakusema kwamba wizi ni haramu, ingawa ni haramu na watoto wanajua. Mwalimu wa chuo hakuwa na habari ya lolote. Alitaka kumwamkua mwanafunzi wake tu, na sasa na yeye amenasa. Sikumnasisha mwalimu kwa mzaha mtupu. Kitendo cha mmoja humfika asiyehusika, na watoto hulipata hilo wenyewe. Nikiwauliza nani kakosa nini katika shairi, hakosekani mmoja wa kusema, “Masikini mwalimu, yeye kafanya nini?” Kwa somo la uraia ningehitaji wiki nzima kulieleza, na nusu ya darasa ingekuwa imesinzia.

Lipo na jengine, na hili huwatisha baadhi ya walimu. Mara nyingi mtoto mjanja hunyanyua mkono akasema: “Mwalimu, angalikuwa na mafuta asingejulikana!” Mwalimu mwenye haraka atamkaripia, na kwa kumkaripia atakuwa amemfunza kwamba mawazo ya namna hiyo huwekwa moyoni hayasemwi. Mie humwambia: sema kweli, hebu tumpe Kombo mafuta. Haya, kesha kula, mikono safi. Na harufu? Harufu ya fenesi bivu haifichiki nyumba nzima. Hapo wengine hudakia: na maganda kayatupa wapi? Na kokwa? Na tumbo lake je, fenesi zima peke yake? Huanza kwa kumsaidia mwizi kujificha, huku wanacheka, na kila pahala pa kujifichia wanapaziba wenyewe. Mwisho wa yote hutokea mtoto, mara nyingi ni msichana aliyekuwa kimya, akauliza suali ambalo shairi halikuliuliza: “Na mwenye fenesi kesho akiamka?”

Hapo ndipo ninapotaka wafike, na hawakufikishwa na mtu. Wameanza na suali la kujulikana, wamemaliza na suali la aliyedhulumiwa.

Ndipo nikawaachia ubeti wa mwisho. Kila darasa huumalizia linavyotaka. Darasa moja lilitoa huu, na mkono wangu umo katika vina peke yake:

Bibi mwenye mfenesi
akaja bila matusi,
kawapaka kwa upesi
nao wakajinasua.

Nilipousikia nilinyamaza. Mie nilikuwa nikimtarajia bibi mwenye fimbo. Watoto wamempa chupa ya mafuta, wakamfanya aliyeibiwa ndiye mwenye ufunguo wa kumfungua aliyemwibia. Baada ya hapo waligombana wenyewe kwa wenyewe: Kombo amchotee bibi maji siku ngapi? Wengine walisema siku moja, wengine mpaka mfenesi uzae tena. Nimewaacha wagombane.

Sisemi kwamba nimezua jambo jipya. Ushairi wa Kiswahili umewalea watoto kwa karne nyingi. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Shaaban Robert, baada ya kufiwa na mkewe, aliwatungia wanawe Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Tunazisoma tungo hizo mpaka leo na tunafanya vizuri. Lakini ni sauti ya mzazi anayeusia: fanya hivi, jihadhari na vile. Mtoto wa miaka tisa huusikiliza wasia kwa adabu, kichwa chini, akingoja umalizike akacheze. Faida yake humjia ukubwani, tena mara nyingi mzazi keshakwenda. Tumerithi hazina kubwa ya wasia, na tumejisahau upande wa pili, upande wa mchezo. Methali zetu zimeathirika hivyo hivyo. Tukimwambia mtoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunamwambia habari za mkuu kuliko habari za guu. Mtoto mwerevu atataka kujua guu limevunjikaje, na akiuliza huambiwa ana ujuba.

Upande wa mchezo hatukuukosa kabisa. Tunaye Abunuwasi. Kila mtoto wa pwani anajua kisa cha sufuria: Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairejesha pamoja na kisufuria kidogo, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akachukua vyote viwili. Mara ya pili Abunuwasi akaazima, asirejeshe, akasema sufuria imekufa. Jirani akapiga kelele, na asiwe na pa kushika, kwani aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana budi kukubali kwamba hufa. Sijaona hadithi inayolieleza jambo letu vizuri zaidi. Jirani hakutiwa adabu na mtu. Alinaswa na ndio yake mwenyewe aliyoisema siku ya faida. Na huyo Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi khasa wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, ingawa sehemu kubwa ya diwani yake siishauri skuli yoyote iiguse.

Wazungu nao walipita njia hii, na kwao kuna la kuchukua na la kuogopa. Daktari mmoja wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alitafuta kitabu cha kumpa mwanawe wa miaka mitatu kwa Krismasi ya mwaka 1844. Vyote alivyoviona dukani vilimchosha kwa mawaidha. Akanunua daftari tupu, akaandika na kuchora mwenyewe, na mwaka uliofuata likachapishwa likawa kitabu mashuhuri kwa jina la Struwwelpeter. Nia yake ilikuwa njema. Lakini humo ndani mtoto anayenyonya vidole anakatwa vidole gumba na fundi cherehani mwenye mkasi mkubwa, na msichana anayechezea viberiti anateketea, yanabaki majivu na viatu.

Huyu wa viberiti namwelewa, kwa sababu moto huunguza. Huyo fundi cherehani je? Kunyonya kidole na mkasi vinahusiana nini? Hapo Hoffmann ameichukua adhabu akaivisha nguo ya matokeo, na mtoto halisi usiku huogopa mkasi, halafu huendelea kunyonya kidole chake chini ya shuka. Mwingereza Hilaire Belloc aliliona hilo akalifanyia kejeli katika kitabu chake cha mwaka 1907, ambamo mtoto aliyeuachia mkono wa yaya wake analiwa na simba. Belloc alikuwa akiwacheka watunzi wenye vitisho. Humo humo yumo Matilda, msichana aliyewaita zimamoto kwa uongo; nyumba iliposhika moto kweli, akapiga kelele dirishani na kila aliyepita akamjibu kwamba ni mwongo. Inatisha, lakini imenyooka: uongo umekula imani ya watu, na imani ndiyo aliyoihitaji siku ile. Simba hatuna Pemba, alhamdulillahi. Mumiani na mazimwi tunayo ya kutosha, na bado yapo majumba ambamo mtoto asiyelala huitiwa zimwi. Zimwi ni mkasi wa Hoffmann. Mtoto akikua akagundua kwamba halipo, huvitupa na vyote vilivyofungwa juu yake, vya kweli na vya uongo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ninaposoma shairi la watoto ni hiki: jambo lililomfika mtoto wa ndani ya shairi, je, lingemfika hata kama duniani kusingekuwa na mtu mkali? Kama jawabu ni ndiyo, mtunzi apige chuku apendavyo. Mikono ya mtu na mwalimu wake haigandamani kutwa kwa utomvu wa fenesi, kila mtoto anajua, na ndiyo maana anacheka. Chuku inakuza kitu kilichopo. Haileti kitu kisichokuwapo.

Nije sasa kwenye kitu tulichonacho Wapemba ambacho sijui kwa nini hatukitumii. Kisiwa hiki kimetoa washairi wakubwa. Kamange, yaani Ali bin Said Jahadhmi, na Sarahani bin Matwar walitunga hapa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na tungo zao zilikuwa zikijibizana. W. H. Whiteley alichapisha mwaka 1958 uchunguzi wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, na mwaka 2011 kikatoka kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kinachowahusu mabingwa hao wawili. Mkondo haujakatika: mwaka 2015 Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa hapa, alipata tuzo ya fasihi ya Mabati-Cornell kwa diwani yake, N’na Kwetu. Lakini wote hao waliwatungia watu wazima. Mtoto wa Pemba anapewa makombo ya karamu hiyo.

Na kile kilicho bora kabisa kwa mtoto ni huko kujibizana. Mmoja anatupa shairi, mwenziwe analirudisha kwa vina vile vile, akitafuta palipovuja. Hakuna anayetangazwa kuwa ndiye mwenye haki. Msikilizaji hupima. Kwa somo la kuchagua, nataka nini zaidi?

Basi nililijaribu kwa jambo ambalo kila mwalimu wa Pemba analijua na hulionea uchungu: msimu wa karafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na msimu mkubwa ukiingia madarasa hupungua watoto. Huenda kuchuma, kuokota zilizoanguka, kuchambua. Nikalipa darasa ubeti wa Faki, kwa mizani kumi na sita:

Sendi leo darasani, naandama karafuu,
Nitapanda matawini, nichume hata za juu,
Kiatu kipya dukani, kwaheri we kuukuu,
Hesabu za mfukoni, kwangu mie ndizo kuu.

Na jawabu la Mize, dada yake:

Nenda zako mashambani, sina nawe neno kuu,
Ufikapo mizanini, tazama chini na juu,
Ukiambiwa thamani, ni shilingi kumi tuu,
Utajuaje mwendani, kama hiyo ni nafuu?

Sikumwangusha Faki mtini. Ningeweza, na vina vingenisaidia, lakini ningekuwa nimefanya makosa mawili. Tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, bila ya kulia kwanza, na karibu kila kijiji cha kisiwa hiki kina mtu aliyeanguka akavunjika mgongo. Yumkini kuna mtoto darasani ambaye mtu huyo ni baba yake. Hilo halichekwi. La pili ni la ukweli. Watoto wanawajua wenzao waliokimbia skuli msimu mzima, wakarudi wazima wa afya, miguuni wana viatu vipya. Ukiwatungia kwamba kila mtoro huanguka, watakuonea huruma kwa kutojua mambo.

Mize anapiga pahala pengine. Anamwambia kakaye: nenda, lakini hesabu unayoikimbia utakutana nayo kwenye mizani, mbele ya mchuuzi, na hapo hakuna wa kukunong’oneza jawabu. Darasa lilicheka mno kwa hilo la shilingi kumi. Halafu wakagawanyika. Upande wa Faki ukasema kapata viatu, viatu vinaonekana, hesabu hazionekani. Upande wa Mize ukasema viatu vitachakaa kabla ya msimu mwengine. Mvulana mmoja akaja na rai ya tatu: Faki akachume, siku ya kuuza aende na Mize akamhesabie, na Mize alipwe. Msichana mmoja akamjibu pale pale, “Mize amlipishe kwa kilo au kwa siku?” Nimefundisha miaka mingi na sijapata kuona hesabu zikiombwa na wanafunzi wenyewe namna ile.

Mzee mmoja katika wazazi aliwahi kunambia kwamba mashairi ya namna hii yanawafunza watoto kubishana na wakubwa. Namheshimu na namjibu kwa adabu: yanawafunza kubishana, naam. Mtoto anayejua kubishana kwa vina na mizani, akingoja zamu yake, akilirudisha neno la mwenziwe kabla ya kulipinga, ana adabu kuliko yule anayenyamaza mbele yako na kufanya atakalo nyuma yako.

Nina onyo moja zito, na ningependa walimu vijana walisikie zaidi kuliko yote niliyosema. Kicheko kina makali pande zote mbili. Kumcheka Kombo ni rahisi kwa sababu Kombo hayupo. Siku utakayochukua kosa la mtoto aliyemo darasani ukalitungia shairi, hata usipomtaja jina, umemtia alama. Watoto watalisoma njiani, watalisoma kisimani, watalisoma akioa. Kabla ya kuingia darasani na shairi la Kombo nahakikisha kwamba humo hamna Kombo. Akiwamo, shujaa huitwa Shaame siku hiyo, na kina hakidhuriki. Na vitu vya kuchekwa viwe ni vitu ambavyo mtu amevichagua: pupa, uvivu, majivuno, uongo, ulafi. Ufukara haukuchaguliwa. Kigugumizi hakikuchaguliwa. Mtoto anayekojoa kitandani hakuchagua kukojoa. Nimewahi kusikia shairi la kuchekesha juu ya mtoto aliyekuja skuli na nguo iliyochanika, na wakubwa walicheka. Lile halikuwa shairi la malezi, hata vina vyake vikitimia.

Mtunzi naye ajizuie na kitu kimoja kinachoyaua mashairi ya vitabu vya skuli: ule ubeti wa mwisho ambamo watoto huitwa wakusanyike waelezwe funzo. Ukiona shairi lako linautaka ubeti huo, jua kwamba beti za juu hazikufanya kazi. Zirudie hizo. Sisi walimu tuna maradhi ya kuogopa kwamba mtoto hakuelewa, na tunamtibu yeye kwa maradhi yetu.

Pahala pa kuanzia tunapo, wala hapahitaji mfadhili. Jioni za msimu, baada ya isha, familia hukaa duara kuzunguka rundo la karafuu mbichi kuzichambua: karafuu huku, makonyo kule. Kazi ni ya mikono, midomo iko huru. Tangu zamani hapo ndipo vilipotegwa vitendawili na kutolewa hadithi, bibi akiongoza na wajukuu wakiitikia. Siku hizi mara nyingi simu inawekwa katikati ikasema peke yake. Na zao lenyewe limejaa visa vya kutungia. Karafuu zimeanikwa juani kwenye majamvi, mtoto kaambiwa azilinde, wingu limetanda upande wa Micheweni, na wenziwe wanapiga mpira. Achague. Zikirowa zitaingia ukungu, bei itashuka, na hakuna atakayehitaji kumwambia mtoto kosa lake, maana pua yake itamwambia. Usiku popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani pengine popote duniani, wanakula maembe ya watu. Nao je, popo akikutwa na asubuhi juu ya mwembe usio wake? Mtoto wa Kojani ana bahari na nyavu, na mtoto wa Konde ana msitu wa Ngezi. Kila mmoja ana fenesi lake.

Utenzi ndio bahari nyepesi ya kuanzia, maana mizani nane huhesabika kwa vidole viwili viwili, na mtoto akikosea humcheka mwenziwe kwanza kisha akajihesabu mwenyewe. Msikazanie vina katika wiki za mwanzo. Kinachotangulia ni kisa: nani, kafanya nini, na kitendo chenyewe kikamrudia vipi. Wasome kwa sauti, wasimame, waghani, waigize mikono iliyogandamana. Lahaja yao muiachie. Mtoto akisema “mie” na “weye” katika shairi lake, asikatwe alama. Mabingwa wa kisiwa hiki hawakuona haya ya maneno ya kwao.

Ombi langu kwenu ni hili. Msimu ujao, kila mwalimu awape watoto wake kazi moja ya nyumbani: wachukue daftari mpaka penye uchambuzi, wamwombe bibi au babu kisa kimoja cha mtu aliyechagua vibaya mpaka watu wakacheka, wakigeuze beti nne, na wa tano wauache wazi. Wazazi, simu izimwe kwa saa moja. Daftari hizo zikirudi skuli, zisitiwe kalamu nyekundu. Zibadilishwe baina ya madarasa, Wete isome ya Mkoani na Mkoani isome ya Wete, na kila mtoto aujaze ubeti wa mwenziwe. Zikifika za kutosha, tuzichape kitabu, na majina ya watunzi yaandikwe humo kwa ukamilifu, hata wale wa darasa la nne.